Watu wa Mezani: Kazi ya Uchapaji Nilivyoijua Tabora

Wazazi hapa Tabora huniuliza swali moja kwa namna nyingi. Mmoja ana binti aliyemaliza kidato cha nne, mwingine ana kijana mwenye shahada anayeshinda nyumbani, na wote wakipita dukani kwangu wanaona watu hawakauki. "Mama, huko kwenye uchapaji kazi ipo kweli, au simu zimeshaiua?" Nawaambia ipo, ila si pale wanapopaangalia. Akili yao yote iko kwenye kompyuta: mtoto afundishwe kudizaini kadi na mabango, akae kwenye kiti cha kuzunguka, apepewe na feni. Vijana wa namna hiyo wamejaa mjini. Toka stendi mpaka sokoni, hukosi steshenari yenye kijana anayejua kumpachika bwana harusi katikati ya maua. Anayejua kukata karatasi za kitabu zikatoka sawasawa juu mpaka chini, huyo utamtafuta.

Mimi nimelishwa na meza. Nikisema meza, wenye fani wananielewa. Sehemu ya uchapaji huwa na vyumba vitatu hata kama jengo ni moja: kompyuta, mashine, na mezani. Mezani ndiko karatasi zinakoletwa zikishachapwa, tunazikata, tunazikunja, tunazipanga kurasa, tunazipiga namba, pini, gundi, halafu tunazifunga bunda bunda zikachukuliwe. Sehemu nyingi wanawekwa wanawake na wanafunzi wa likizo, wanalipwa kwa idadi ya vitabu, na mteja akija haonyeshwi huko. Nilianzia mezani kwa sababu ndipo pekee ambapo hawakuniuliza cheti.

Faida yake sikuiona mapema. Ukikaa mezani, makosa ya wote waliotangulia yanaishia mikononi mwako. Dizaina akipeleka rangi ya jalada mpaka ukingoni kabisa bila kuacha milimita 3 za ziada za kukatwa, wewe ndiye utakayeona mstari mweupe pembeni kisu kikishapita. Akitengeneza kijitabu cha mahafali chenye kurasa 18 na anataka kipigwe pini katikati, wewe ndiye utakayemrudia, maana karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne, kwa hiyo ni 16 au 20, hakuna namna nyingine. Kwa mwendo huo nilijifunza kudizaini bila kugusa kompyuta, na nilipokuja kuigusa nilijua tayari kwa nini mambo yanafanywa yanavyofanywa.

Aliyenifundisha kwa makusudi alikuwa mzee mmoja aliyepita Kipalapala. Watu wa rika langu na walionitangulia wanajua ninachosema. Kipalapala, nje kidogo ya mji, palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, kikiitwa Tanganyika Mission Press, na maneno "T.M.P. Book Department, Tabora" yameonekana kwenye vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo bibi na babu zetu walivisomea sala na masomo. Mji wetu unasifiwa kwa maembe, asali na shule ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere. Kwamba ulikuwa mji wa vitabu, vijana wengi hawajui. Mzee wetu alikuwa mtu wa Kipalapala ya zamani: kabla hujagusa mashine, ujue karatasi.

Siku moja aliletewa karatasi na muuzaji, zikiwa zimeandikwa gramu 80. Mzee akachukua rimu moja ya A4, akanipa. "Binti, nenda kwa yule anayeuza mchele, umwombe mizani." Nikaenda, mwenye mchele akacheka, akapima. Nikarudi na jibu la kilo mbili na robo kasoro kidogo. Mzee hakusema kitu, akamrudishia muuzaji mzigo wote. Baadaye ndipo akanifungulia hesabu. Gramu 80 maana yake ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Karatasi ya A0 ni mita moja ya mraba, na ndani yake zinatoka A4 16. Kwa hiyo A4 moja ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Ile tuliyoletewa ilikuwa gramu 70. Ukinunua rimu moja ya kuchapia barua huoni tofauti, ila ukinunua mzigo wa mitihani ya wilaya, umelipia karatasi ambazo hazipo. Mpaka leo nina mizani dukani, na wauzaji wananijua.

La pili lilikuwa nyuzi. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, na huzioni kwa macho. Mzee alinipa kipande cha gazeti akaniambia nichane kwa urefu, halafu nichane kwa upana. Upande mmoja ulichanika ukanyooka, mwingine ukaenda zigizaga. Ulionyooka ndio nyuzi zinakoelekea. Kadi nzito ya gramu 300 ukiikunja kinyume cha nyuzi, rangi inapasuka kwenye mkunjo na kadi inaonekana imechakaa kabla haijamfikia mwalikwa. Kitabu cha gundi ambacho nyuzi zake zimelala kinyume cha mgongo hakikubali kufunguka, ukikiachia kinajifunga. Nimeona dizaina mwenye miaka mingi kazini akilaumu gundi, kumbe tatizo lilikuwa namna karatasi ilivyopangwa kabla ya kukatwa. Hajawahi kuambiwa, maana kwenye skrini karatasi haina nyuzi.

Hali ya hewa ya hapa nayo ni mwalimu. Mashine yetu kubwa ilikuwa Heidelberg GTO ya rangi moja, ya zamani, ngumu kama chuma cha reli. Picha ya rangi kamili inatokana na rangi nne, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, na kwa mashine ya rangi moja karatasi ile ile inapita mara nne, kila mara pleti, yaani bamba lenye picha ya kuchapwa, inabadilishwa na rola zinaoshwa. Sasa karatasi inakunywa unyevu wa hewani, na ikinywa inatanuka, zaidi kwa upande unaokatisha nyuzi. Kiangazi, Agosti na Septemba, zinakauka mpaka zinanatana kwa umeme wake zenyewe na mashine inavuta mbili mbili. Mvua zikianza Novemba, mambo yanageuka. Tulikuwa na kalenda za mteja mmoja, rangi mbili zikapita mchana wa jua, jioni ikanyesha, asubuhi rangi ya tatu ikakataa kukaa juu ya mwenzake. Nyuso za watu kwenye picha zikatoka na kivuli chekundu. Fundi mashine alihangaika na vishikizo vya pleti mpaka jasho likamtoka. Mzee alikuja, akashika pembe ya karatasi, akauliza, "Zililala wapi hizi?" Zililala karibu na dirisha, wazi, bila kufunikwa. Tangu hapo karatasi za kazi isiyokwisha zilikuwa zinafungwa kwenye nailoni kila jioni. Nailoni tu.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayomtofautisha mtu anayelipwa na mtu anayepewa nauli. Programu za kudizaini zinabadilika, na siku hizi simu inaweza kukutengenezea tangazo ukiwa umelala kitandani. Karatasi ni ile ile.

Ila kilichonitoa kwenye malipo ya kibarua ni hesabu ya bei. Hakuna aliyenifundisha darasani, nilijifunza kwa kukaa karibu na bosi wateja wakija. Chukua kazi ya kawaida kabisa: shule inataka vitabu 100 vya risiti, saizi ya A5, kila kitabu seti 50, nakala mbili. Dizaina wengi watakadiria kwa kuangalia duka la jirani linatoza ngapi. Mtu wa mezani anahesabu. Seti 50 mara nakala mbili ni karatasi 100 kwa kitabu, jumla 10,000 za A5, sawa na A4 5,000, yaani rimu 10 za karatasi zinazojinakili, tano za juu na tano za chini. Ongeza za kuharibika. Ongeza majalada na kadi ngumu ya nyuma. Kisha kuna namba 5,000, na kila namba inapigwa mara mbili, juu na chini. Kuna matundu ya kuchania. Kuna kupanga, pini, utepe wa mgongoni, kukata. Ukimaliza utagundua kwamba wino ni sehemu ndogo, na kwamba muda wa mikono ndio uliobeba kazi. Anayesahau mikono anatoa bei ya kutupwa, anapata tenda, halafu anakopa ili aimalizie. Nimeona maduka mawili hapa mjini yakifungwa namna hiyo yakiwa na wateja tele.

Na kwenye karatasi hizo hizo zinazojinakili kuna mtego. Ya juu imepakwa dawa mgongoni, ya chini imepakwa usoni. Mashine ikilishwa kichwa chini, kitabu kinatoka kizuri, kimenyooka, na hakinakili chochote. Mezani tunapima kwa ukucha: weka mbili pamoja, kwaruza, funua. Sekunde mbili. Mhasibu wa chama cha msingi cha tumbaku msimu wa masoko hatakusamehe akiandikia mkulima na nakala ikatoka nyeupe.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Simu zimeua nini? Kadi za michango ya harusi zimepungua sana, watu wanatumiana picha kwenye WhatsApp. Kadi za biashara zimepungua. Lakini tazama kilichoongezeka. Mitihani ya shule haijapungua, na mashine za Riso zinakesha zikichapa majaribio ya kata na wilaya. Ratiba za ibada, vyeti vya mahafali, fulana za vikundi, mabango ya turubai, vyote vipo. Mwaka wa uchaguzi mkuu, kila baada ya miaka mitano, ni msimu wa aina yake, mpaka gundi ya kubandikia inaadimika mjini.

Kilichobadilisha maisha yangu mimi ni stika na vifungashio. Zamani asali ya Tabora ilisafiri kwa treni kwenye madumu ya mafuta ya kula, bila jina. Leo mama mwenye mizinga yake Sikonge au Urambo anataka chupa yenye lebo, ili iingie dukani Dar es Salaam. Lebo ya chakula si pambo. Inatakiwa ioneshe jina la bidhaa, ujazo, aliyetengeneza, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na mwenye alama ya ubora ya TBS anaiweka. Supamaketi zinataka mistari ya msimbo (barcode), na ya kwetu inayotolewa na shirika la GS1 Tanzania huanza na namba 620. Mistari hiyo ukiichapa ndogo kupita kiasi, au ukaiweka nyekundu kwa sababu mteja anapenda nyekundu, mashine ya dukani haiisomi, kwani mwanga wake wenyewe ni mwekundu na unaona peupe. Hapo sasa kijana mwenye kujua kuchapa, kukata, na kumshauri mama wa asali ana kazi ambayo hakuna simu itakayomnyang'anya. Na asali ikinata kwenye lebo isiyo na laminesheni, ile nailoni nyembamba ya kufunika juu, wino unatoka kwenye vidole vya mteja. Hilo nalo umwambie mapema, akubali kulipia laminesheni.

Kuhusu shule. Wenye uwezo wa kumpeleka mtoto chuo cha ufundi wampeleke. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 1994, na wenzangu kadhaa waliosomea uchapaji walipita Chang'ombe, Dar es Salaam. Tofauti yao na sisi tuliojifunzia kazini niliiona wazi: wao wanajua jina la kila kitu na kanuni yake, wanajua kwa nini mashine ya ofseti, kama ile GTO yetu, inahitaji maji, kwamba wino wa mafuta na maji havichangamani na ndiyo siri nzima ya pleti. Sisi tunajua mashine fulani, ile iliyo mbele yetu, na ikinunuliwa nyingine tunaanza upya.

Ila usikate tamaa kama ada haipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Wanakupima kwa mahojiano na kwa vitendo, wanaona una mapengo gani, unapata mafunzo ya kuyaziba, unapewa cheti. Mimi nilikwenda nikiwa mtu mzima, nimekaa na vijana wanaoniamkia shikamoo. Sikujifunza kukata, hapo niliwafundisha wao. Nilijifunza kwamba mafuta tunayooshea rola yanapita kwenye ngozi na kichwa kinachouma jioni si uchovu, kwamba dirisha lifunguliwe na glavu zivaliwe. Mashine ya kukatia nayo ina vitufe viwili vya kubonyezwa kwa mikono yote miwili ili mkono usibaki chini ya kisu. Nimefanya kazi mahali ambapo kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya karatasi ili kazi iende haraka. Ukimkuta mwajiri kafanya hivyo, ondoka siku hiyo hiyo.

Jingine la waajiri, na hili linaniuma bado. Mahali nilipofanya kazi muda mrefu kuliko pote, makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yalikuwa yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara kila mwezi. Nilipokwenda kuangalia akaunti yangu nilikuta miezi mingi haina kitu. Tulifuatilia watu watatu, mmoja akachoka, wawili tukaendelea, sehemu ikalipwa. Kijana akiajiriwa namwambia aangalie michango yake mwenyewe mara kwa mara, asingoje kuugua.

Ajira za kudumu, nisifiche, ni chache. Viwanda vikubwa viko Dar es Salaam, na Serikali ina Mpigachapa Mkuu wake. Hapa kwetu mtu anaishi kwa kuunganisha: anakatia hili duka asubuhi, anajalidi tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu cha AMUCTA mwezi wa kuwasilisha, jioni anapiga fulana. Wanaojiunga vikundi wana njia nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tena sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu. Tangu 2023 manunuzi hayo yamehamia kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, na hapa ndipo yule mwenye shahada aliyekaa nyumbani anapofaa. Maduka mengi yenye mashine nzuri hayajui kujisajili wala kujaza zabuni. Mjukuu wa jirani yangu hajawahi kushika pleti, lakini anatujazia watu kadhaa kwa malipo na hana saa ya kupumzika. Tahadhari yangu ni moja tu: malipo ya taasisi huchelewa, usitumie mtaji wote kwenye zabuni moja hata kama ni tamu.

Watoto ninaowapokea kujifunza siwaanzishi na kompyuta, na wazazi wengine hawafurahi. Mmoja alikuja kuniambia kwa adabu, "Dada yangu, nimekuletea mwanangu awe dizaina, namkuta anahesabu karatasi." Nikamwita binti, nikampa bunda la kadi nikamwomba anieleze mteja alipe shilingi ngapi na kwa nini. Alieleza mwanzo hadi mwisho, karatasi, wino, mikono, faida, mbele ya mama yake. Mama hakurudia tena lile swali, ingawa alitaka kujua kompyuta itaanza lini. Ilianza mwezi uliofuata.

Na wenye mtaji mdogo wanaoniuliza wanunue mashine gani kwanza, kila mtu anataka kusikia printa. Printa inazeeka haraka, wino wake ni ghali, na jirani yako anayo. Nunua kikatio kizuri cha mkono kinachoweza kula rimu nzima, mashine ndogo ya laminesheni, kipiga namba, na chombo cha kutia alama ya mkunjo kwenye kadi nzito. Peleka kazi ikachapwe kwa mwenye printa, wewe uimalizie. Muda si mrefu atakuletea za kwake pia umkatie, kwa sababu kijana wake anakatia kwa rula na wembe, na mteja ameanza kulalamika.